Karatasi Safi

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Haloo, Mwalimu, shikamoo. Ni mimi, fundi wa boila. Wa lile darasa lako la jioni, kiti cha nyuma karibu na dirisha.

MWALIMU: Marahaba! Yule wa "Mwalimu, herufi zinacheza ngoma"?

FUNDI: Huyo huyo. Na hazijachoka kucheza. Mwalimu, una nafasi? Salio langu ni la kubahatisha.

MWALIMU: Nasahihisha madaftari tu. Sema. Mbona kunaunguruma hivyo?

FUNDI: Niko kazini, kwenye boila ya mvuke ya kiwanda cha kufulia nguo. Unaikumbuka ile karatasi yangu ya maelekezo?

MWALIMU: Nitaisahauje, na tuliikalia wiki sita? Duara kwenye kitendo, mstari chini ya sababu, msalaba mwekundu penye hatari. Ukachora na vibomba pembeni.

FUNDI: Imetupwa.

MWALIMU: Imetupwa na nani?

FUNDI: Meneja. Wakaguzi wanakuja kesho. Jana akaingia hapa, akaishika kwa vidole viwili, akasema, "Hili daftari la chekechea linafanya nini kwenye chumba changu cha boila?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

MWALIMU: We! Kwa nini hukumwambia?

FUNDI: Nimwambie nini? Miaka minane hapa, hakuna bosi anayejua kwamba nasoma kwa shida. Wakabandika mpya yenye maneno yale yale, imefungwa kwenye plastiki, safi kama sahani ya mgeni. Mwalimu, kile kioo cha maji—

MWALIMU: Ongea kwa sauti, mtandao unakatakata.

FUNDI: Kioo! Kioo cha boila, kinachoonyesha maji yako wapi. Hakina maji.

MWALIMU: Yamepungua?

FUNDI: Hakina kabisa. Pampu ilizimika, sijui saa ngapi. Nilikuwa kule kwa wafua nguo nakaza bomba. Nimerudi, kioo kikavu, moto unawaka. Sasa pampu imerudi yenyewe. Nakumbuka, maji yakipungua, unafungua vali ya maji. Si ndivyo? Mkono uko juu yake.

MWALIMU: Toa mkono.

FUNDI: Mwalimu, muda—

MWALIMU: Toa mkono hapo! Umetoa?

FUNDI: Nimetoa.

MWALIMU: Mimi boila siijui, baba. Ninachokijua ni kwamba ile karatasi ilikuwa na aya mbili zinazofanana kama mapacha, na wewe ulikuwa unazichanganya kila siku. Moja ulichora bomba linalotoa maji. Nyingine ulichora bomba lenye msalaba. Hapo uko kwenye ipi?

FUNDI: Sijui. Hapa hakuna bomba. Hakuna msalaba. Ni maneno tu, yamejaa kama siafu.

MWALIMU: Wenzako wako wapi?

FUNDI: Karibu wote wako kwenye kikao, wanafundishwa namna ya kuwajibu wakaguzi.

MWALIMU: Basi piga king'ora.

FUNDI: Kimezimwa tangu jana. Kilikuwa kinalia ovyo, meneja akasema kitatuaibisha.

MWALIMU: Mungu wangu. Haya. Tunasoma. Una penseli?

FUNDI: Haishiki. Plastiki inateleza.

MWALIMU: Hapo ulipo hakuna masizi? Chovya kidole. Tafuta neno "kioo". Usisome kingine.

FUNDI: Lipo. Yako mawili.

MWALIMU: La kwanza. Kidole chini yake, neno moja moja, kama tulivyozoea. Usikimbie.

FUNDI: "Endapo maji... yata... yatapungua, lakini yanaonekana... ndani ya kioo..."

MWALIMU: Simama. Yako yanaonekana?

FUNDI: Hapana.

MWALIMU: Basi hiyo si yako. Ipake masizi yote, isikusumbue. Nenda ya pili.

FUNDI: "Endapo maji ha... haya... hayaonekani kabisa." Hii. Hii ndiyo yangu. "Opereta... asi..." Mwalimu, imeanza kulia.

MWALIMU: Nini kinalia?

FUNDI: Boila. Inalia kama chuma kinachovutwa.

MWALIMU: Isikilize kwa sikio moja, mimi kwa la pili. Endelea.

FUNDI: "Asifungue... vali ya maji... kwa hali..." "Kwa hali yoyote."

MWALIMU: Weka msalaba. Mkubwa! Sababu ni ipi?

FUNDI: "Maji baridi yakikuta chuma... kilichopata moto kupita kiasi... boila inaweza... ku..."

MWALIMU: Soma.

FUNDI: Nimesoma, Mwalimu. Sitaki kulitamka.

MWALIMU: Basi zungushia kitendo. Ufanye nini?

FUNDI: "Zima... kichomeo." Zima kichomeo! Ngoja.

MWALIMU: Haloo? (mkwaruzo) Haloo?

FUNDI: —mezima. Nimezima. Moto umekufa. "Funga vali kuu ya mvuke. Acha ipoe. Toka." Ndiyo hiyo nafunga... Imefunga, Mwalimu.

MWALIMU: Alhamdulillahi. Wewe leo umesoma, unasikia? Kesho huyo meneja wako namfuata mwenyewe, atanionyesha chekechea ni nani. Sasa toka humo.

FUNDI: Natoka. Asante, Mwalimu. Bila wewe ningekuwa nishafungua—

MWALIMU: Haloo?

FUNDI: Nyamaza kidogo.

MWALIMU: Kuna nini tena?

FUNDI: Mwalimu, hii pampu inalisha boila mbili.

MWALIMU: Ya pili iko wapi?

FUNDI: Nyuma ya ukuta huu hapa. Ikizimika, zote mbili zinakauka.

MWALIMU: Na huko yuko nani?

FUNDI: Mrefu.

MWALIMU: Mrefu yupi? Siyo Mrefu wangu? Yule binti uliyekuwa unakaa naye kiti kimoja?

FUNDI: Huyo. Tulizichora karatasi zetu pamoja. Naye ya kwake ilitupwa jana. Naye alicheka.

MWALIMU: Mpigie!

FUNDI: Simu tunaziacha getini. Hii niliificha kwenye soksi. Mwalimu... nasikia maji.

MWALIMU: Maji gani?

FUNDI: Bomba la ukutani. Yanapita. Vali yangu sijaifungua, kwa hiyo—

MWALIMU: Amefungua.

FUNDI: Ndiyo kwanza yanaanza, bado hayajafika. Bomba lile ni refu. Nikimbie kwake?

MWALIMU: Mlango wake uko wapi?

FUNDI: Mpaka nizunguke jengo zima.

MWALIMU: Hutawahi. Piga kelele!

FUNDI: MREFU! WE MREFU! Hasikii. Kule kunaunguruma kuliko huku.

MWALIMU: Una chuma hapo? Spana, nyundo, chochote?

FUNDI: Spana ninayo.

MWALIMU: Ligonge hilo bomba. Mara tatu, kama nilivyokuwa nagonga meza darasani. Mlikuwa mnafanya nini mkisikia tatu?

FUNDI: Tunasimama. Tunarudi mwanzo wa mstari.

MWALIMU: Na mkisharudi?

FUNDI: Tunajibu kwa kugonga moja.

MWALIMU: Gonga!

FUNDI: (ko, ko, ko) Mrefu! (ko, ko, ko)

MWALIMU: Haya? Haya?

FUNDI: Yanapita bado. (ko, ko, ko) Rudi mwanzo, dada, rudi mwanzo... (ko, ko, ko)

MWALIMU: Usiache. Fundi, usiache, lakini sogea mbali na huo ukuta—

FUNDI: Siwezi kugonga nikiwa mbali, Mwalimu. (ko, ko, ko) Ngoja. Ngoja!

MWALIMU: Nini?

FUNDI: Maji yamenyamaza.

MWALIMU: Amefunga?

FUNDI: Amefunga, au pampu imekufa tena, sijui. Akiwa amefunga atajibu. Lazima ajibu.

MWALIMU: Amejibu?

FUNDI: Bado. Simu inanilalamikia salio. Mwalimu, mwambie mke wangu kwamba ile karatasi—

MWALIMU: Utamwambia mwenyewe! Amejibu?

FUNDI: Nimeweka sikio kwenye bomba. Linachoma. Kuna kitu kina—

(mlio wa kukatika)

MWALIMU: Haloo? Fundi? Amejibu? Haloo, baba?

(kimya)

MWALIMU: (anagonga meza: ko, ko, ko) Nijibuni. (ko, ko, ko) Moja tu, wanangu. Gongeni moja tu.