Mkunjo Usiotoka

Babu Chumvi alijifanya amelala ndani ya basi, masikio yakiwa kazini. Mbele yake fundi cherehani alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyeketi naye.

"Dada, namrudishia mwalimu kitabu alichomwazima binti yangu. Eti msichana wa humo hali chakula, halali usingizi, mwisho anapeleka siri za nyumbani kwa mshauri wa shule."

"Binti yako amekisoma?"

"Mara tatu. Na amekunja ukurasa huu. Nimeupiga pasi, mkunjo hautoki."

Muuguzi akausoma. "Hapa ndipo msichana anapobisha hodi kwa mshauri. Wako anakula vizuri?"

Fundi aliupapasa mkunjo kwa vituo viwili. Babu akisimulia, vituo hivyo huwa saba. Basi liliposimama shuleni, fundi aliukunja tena ukurasa palepale, akashuka na kitabu kifuani.