Mharibifu Mkuu wa Bastola Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya tupa, msasa na chai ya maziwa, Mzee Makungu Ishaka anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 2026. Bwana Kewal, mwenye karakana, ametupa ukurasa huu wa jarida tuandike kwa Kiswahili, kwa kuwa wenye lugha tuko sita kati ya wafanyakazi kumi na mmoja.

Kwa wageni wa sherehe: tunatengeneza nakala za bastola za kale, za kutundikwa ukutani na kushikwa na waigizaji. Hazipigi risasi. Mzee Makungu alianza kwa kuzichonga kwa mkono, jozi moja kwa wiki mbili. Mwaka 2019 Bwana Kewal akakopa benki, akanunua mashine ya kompyuta inayotoa jozi kwa saa moja, akampa Mzee barua ya kumwachisha kazi. Mzee akaaga kwa adabu, akapanda basi kwenda kwake Shard End.

Haikupita miezi miwili, bastola arobaini zikarudishwa. Wateja walikuwa wamezipima, wakakuta ya kulia na ya kushoto ziko sawa kabisa. Bastola ya kale hailingani na pacha wake, walilalamika, na hizi zinanuka kiwanda. Bwana Kewal akabeba sanduku la peremende za ladu hadi Shard End kuomba radhi, na Mzee akarudi na cheo kipya: Mharibifu Mkuu.

Tangu hapo mashine hutoa jozi kwa saa moja, kisha Mzee huipitishia tupa siku nne. Biashara yenyewe ni kichekesho: chuma, mbao na umeme ni sehemu ndogo tu ya bei, kinachouzwa ghali ni kasoro. Mwaka 2022 jozi yake moja ilitoka imenyooka, akaandikiwa barua ya onyo. Mimi ndiye niliyeichapa, na mpaka leo naona aibu.

Basi alipotangaza kuondoka, tulipiga hesabu. Bila kasoro hatuna wateja, na bila wateja sote hatuna kazi. Leena, mhandisi kijana wa mtaa wa Selly Oak, alipewa miezi mitatu ajifunze kuharibu. Maskini, hata makosa yake yalinyooka. Marie-Claire wa upakiaji alimtetea, akasema huyu mutoto alisomeshwa muzuri sana, tumusamehe tu.

Wiki mbili zilizopita Leena, machozi yakimlenga, alimwomba Mzee amfunulie siri. Mzee akainamisha kichwa, akakiri mbele yetu kwamba hana siri yoyote. Hajawahi kuharibu hata bastola moja. Miaka yote hiyo alikuwa akijitahidi kuzirekebisha, maana machoni pake mashine ndiyo iliyopinda. Aliona haya kutuambia, kwa jinsi tulivyokuwa tukimsifu.

Halafu akamkabidhi Leena kipande cha chuma kitupu na tupa, akamwagiza ajitahidi kwa moyo wake wote. Jozi ikatoka Alhamisi. Mtutu mmoja unatazama huku, mwingine kule. Bwana Kewal alisema hajapata kuona kazi mbaya kama ile, akaiuza mchana huohuo. Kazi zetu zimepona.

Mzee Makungu, tulikupigia makofi kwa kuharibu, kumbe ulikuwa unatupatia kazi bora kuliko zote ulizoweza, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Tusamehe, na ahsante. Mola akujaalie afya, miwani mizuri na asubuhi zisizo na haraka.

Asmahan, ofisi ya wateja