Historia ya Bi Taratibu, Mfinyanzi Asiyeandikwa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wa makumbusho mliokaa safu ya mbele, na nyinyi akina mama wa kikundi cha wafinyanzi mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango, kwa niaba ya familia tunawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu mpendwa, ambaye majina yake matatu yamo kwenye karatasi mlizogawiwa, lakini ambaye tangu ujana wake aliitwa na wote Bi Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeshika udongo mbele yake, na kila aliyekuja kumposa binti yake.

Historia hii inasomwa na mwanawe wa pili, mtunza vyombo vya kale katika makumbusho ya mji, ambaye kwenye karatasi ametajwa kwa neno msomaji, na ndivyo atakavyojitaja, kwani humu mna mambo ambayo ni rahisi kidogo kuyasema kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba mchoma matofali na mama mfinyanzi, hivyo kwamba, kama alivyopenda kusema mwenyewe, udongo aliukuta umeshafika nyumbani kabla yake, naye akaupisha.

Alianza shule Januari 1959, na siku ya kwanza tu akakutana na mwalimu wa mwandiko aliyemfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kuandika kwa wa kulia, maana alikuwa mashoto tangu utotoni, akavumilia miaka minne akiandika kwa mkono mmoja darasani na kwa mwingine nyumbani, hadi Novemba 1962 alipoacha shule kwa sababu baba yake aliumia mgongo, na hakuwa na kinyongo na mwalimu yule, alisema tu kwamba mkono wa kulia ulisomeshwa ukachoka, wa kushoto haukusomeshwa ndiyo maana ukabaki na akili.

Kwa upande wa kazi, marehemu alifundishwa kufinyanga na bibi yake mzaa mama, ambaye somo lake la kwanza, alilolirithisha naye kwa wanawe kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, lilikuwa kwamba chungu hakishikwi mdomo, hubebwa kwa kitako, kwa mikono miwili. Tarehe 2 Februari 1986, akiwa na wenzake kumi, alianzisha kikundi cha wafinyanzi katika uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao, akakiongoza kwa miaka ishirini na saba, na kama karatasi inavyosema, alijiuzulu uenyekiti tarehe 2 Juni 2013 kutokana na maumivu ya magoti.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, mtu wa maneno mengi aliyedai hadi mwisho wake kwamba redio aliyoletewa na binti yule haikuwa mbovu hata kidogo, dai ambalo marehemu hakulikubali wala kulikana, na waliishi kwa kusikilizana hadi tarehe 30 Septemba 1999 baba alipotangulia. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, binti, ni fundi cherehani, wa pili ndiye msomaji, na wa tatu, binti, ni muuguzi, pamoja na wajukuu wanane, aliowapenda wote sawa, ingawa kitinda mimba ana maoni yake. Kati ya watoto hao, aliyesomeshwa zaidi ni msomaji, na kilichomsomesha ni vyungu.

Baada ya hapo karatasi inakwenda moja kwa moja kwenye maradhi, lakini msomaji anaomba radhi kwa dada zake, ambao hawakuambiwa, na anaomba turudi kwenye kazi, kwa sababu magoti ya marehemu hayakuwa na tatizo lolote, wenyewe mlimwona akichuchumaa kutwa nzima hadi mwaka juzi, na ile sentensi ya magoti iliandikwa na msomaji.

Mnakumbuka jinsi makumbusho yetu yalivyokuwa, vyumba vinne vyenye vumbi, wanafunzi wakiletwa mara moja kwa muhula, na wageni wa mbali wanaopenda mambo ya urithi wakishuka kwenye basi, wakizunguka nusu saa, wakipanda tena, huku akina mama waliopanga vyungu vyao nje ya lango wakifukuzwa na mlinzi. Marehemu ndiye aliyemwambia msomaji, mwishoni mwa mwaka 2012, akiwa amechutama mbele ya beseni la udongo, “Mwanangu, mtu hasafiri mbali hivyo kuja kuangalia chungu kilichofungiwa kwenye kioo, anataka kumwona anayekifinyanga. Tuingizeni ndani tuwaeleze, kisha tuwalete huku wajichafue mikono.” Maneno hayo msomaji aliyavalisha suti, akayaandika kwenye ripoti kwa jina lake, na amepongezwa kwa fikra hiyo katika mikutano mitatu, miwili kati ya hiyo akiwa amepanda ndege kwenda kupongezwa.

Mkataba kati ya makumbusho na kikundi ulitiwa saini tarehe 15 Januari 2013, akina mama wakipewa kazi ya kuongoza wageni katika chumba cha vyungu na kuwapokea uwanjani kwao, na kwa kuwa walishachoka kuandikwa na watu wasiowauliza, walidai kifungu kimoja, cha saba, kwamba hakuna kibao cha maelezo kitakachowekwa kwenye chombo chochote kabla ya kikundi kusomewa. Kifungu hicho kilitungwa na marehemu.

Jumatatu ya tarehe 22 Aprili 2013, siku kumi na tisa kabla ya maonyesho mapya ya vyungu kufunguliwa, katika chumba cha kupokelea vyombo, msomaji alikiinua kutoka mezani chungu cha maji chenye umri wa miaka mia mbili, ambacho picha yake ilikuwa imeshabandikwa kwenye matangazo ya mji mzima, akakiinua kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa na simu na alikuwa akijadiliana na mtu wa mahema kuhusu idadi ya viti, na alikishika mdomo. Mdomo ulibaki mkononi, chungu kikaenda. Mtoto wa mfinyanzi, mjukuu wa mfinyanzi, mwenye shahada mbili za vyombo vya kale.

Hakumwambia mkurugenzi, aliyakusanya magae kwenye mfuko wa sokoni, akaenda kwa mama yake, akalia, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, akamwomba amfinyangie kingine kama kile, akimwahidi kwamba ukweli utasemwa mara tu ufunguzi utakapopita. Marehemu aliyapanga magae juu ya gunia, kisha akauliza jambo moja tu, “Na kibao utaandika nini?” Msomaji akajibu kwamba kibao kimeshachapwa. Marehemu akafinyanga, akakausha, akachoma, akakipaka moshi na mafuta hadi kikazeeka, na tarehe 9 Mei chungu kikawa ndani ya kioo.

Tarehe 10 Mei, kwa mujibu wa kifungu cha saba, akina mama kumi na mmoja waliingia kusomewa vibao, wakacheka kwenye kabati la kwanza, wakasahihisha neno kwenye la pili, na walipofika kwenye chungu cha maji wakainamia kioo, kwa sababu mistari ya mapambo shingoni mwa chungu kile ililalia kushoto, na katika kikundi kizima mtu anayechora mistari ikalalia kushoto alikuwa mmoja. Wataalamu wamekipita chungu hicho kwa karibu miaka kumi na moja bila kuona, akina mama walikitambua kabla hawajavua viatu vizuri. Wote wakageuka wakamtazama mwenyekiti wao, naye akasema, “Soma, baba, tuendelee,” na msomaji akasoma, kwa sauti, mbele ya mama yake mzazi, “Chungu cha maji, miaka mia mbili, mfinyanzi hajulikani.”

Kwenye mkutano wa tarehe 2 Juni wenzake walimwuliza kama ameyauzia makumbusho chungu cha uongo na kulikanyaga neno alilolitunga mwenyewe, akajibu kwamba alikifinyanga kwa hiari yake, hakuongeza la pili, wakamvua uenyekiti, na kwa haki kabisa kwa walichokijua. Tangu siku hiyo marehemu hakuongoza mgeni hata mmoja, wageni walikuja kwa mabasi, mwaka hadi mwaka, uwanja ukajaa, kikundi kikapata paa na choo, msomaji akapandishwa cheo, akawa anaalikwa kueleza namna ya kujenga uaminifu kati ya makumbusho na jamii, huku mtu aliyeifikiria kazi yote ile akiteka maji na kuwakandia wenzake udongo mwisho wa uwanja, na alipopita mbele yao alisalimu kwanza. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, na msomaji anakiri kwamba wake ulichelewa kuumbwa.

Kila mwaka ilipatikana sababu, mwaka huu ukaguzi, mwaka ujao mkurugenzi mpya, mwaka mwingine wafadhili, na marehemu hakuuliza ila mara moja, Desemba 2019, akimmenyea mwanawe chungwa, “Lile jambo umelimaliza?” Alipojibiwa kwamba limekaribia, alisema, “Haya, taratibu.”

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu Novemba 2022, akatibiwa na kupata nafuu, akalazwa tena tarehe 3 Januari 2024 katika hospitali kuu, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, na wiki ya mwisho aliwaagiza binti zake kwamba historia yake iwe fupi, hasa upande wa kazi, kwani kuna mtu itampa shida kuisoma. Aliaga dunia Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopika, waliopanga viti na waliotulazia wageni wetu, na wafanyakazi wenza wa msomaji, akiwamo mkurugenzi, ambaye barua yenye maelezo haya yote ipo mezani kwake tangu asubuhi, na uamuzi wowote atakaoutoa, familia haitamlaumu.

Shukrani za mwisho ni kwenu akina mama wa viti vya nyuma, ambao mmekuja kumzika mtu mliyeamini kwamba aliwageuka. Kibao cha zamani nilikitoa jana saa tatu asubuhi, na kipya bado sijakibandika, kwa sababu kifungu cha saba kinasema ni lazima msomewe kwanza, basi nawasomea, na msomaji ni mimi.

“Chungu cha maji. Kilifinyangwa Aprili na Mei 2013, kwa mkono wa kushoto, na Bi Taratibu, mwanzilishi wa kikundi cha wafinyanzi, kwa kuombwa na mwanawe, aliyevunja cha kale kwa kukishika mdomo. Hakukiuza. Magae ya cha kale yamewekwa pembeni.”

Majina yake matatu yatakuwa juu ya maneno hayo, kama yalivyo kwenye karatasi. Mwenyekiti wa sasa wa kikundi, kama kuna neno halijakaa sawa, naomba unisahihishe hapa hapa, mama akiwapo, sina haraka, nitasubiri.

Mama, lile jambo nimelimaliza, umeshaondoka. Pumzika kwa amani, tunakuja kukuinua sasa, kwa chini, kwa mikono miwili, taratibu.