Fundi Hosea na Miguu ya Nyuma ya Subaru

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kulala chini ya magari ya watu, Fundi Hosea Mwasambili anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Kazi ya kuandika wasifu wake na kuwasomea hapa nimepewa mimi, Ummy, karani wa mapokezi, kwa sababu, kwa maneno ya meneja, nina mdomo. Haya, mdomo ninao. Ila meneja angejua ni machache kiasi gani niliyoyaelewa kuhusu magari tangu niajiriwe, kalamu angempa mlinzi.

Fundi alizaliwa Ikuti, akaja karakana yetu ya Msasani, hii ya huku kwetu milimani, si ile ya pwani, akiwa kijana wa kuosha injini. Akapanda kidogo kidogo mpaka akawa mkuu wa wanaoshughulika na miguu ya magari: springi, shokapu, bushi na ndugu zao. Malori ya chai yamepita mikononi mwake, na pikapu za ndizi zilizokuja zimepinda kama zimelewa. Akifanya kazi hupiga mluzi wa nyimbo za kwaya, na sote tulijua mluzi ukikatika ujue gari limemshinda. Aliwahi kuchoma mahindi juu ya bomba la moshi la lori la mteja, na mteja alipokuja kulichukua akakaribishwa muhindi. Hakulalamika, alikula.

Mwaka jana mluzi ulikatika wiki nzima. Sababu ilikuwa Subaru.

Mwanawe Ackson, anayefanya kazi Chunya, aliinunua kwa kijana mmoja wa mashindano ya magari huko Mbeya, kisa tu aliupenda mlio wake. Likizo ikaisha, akarudi Chunya, Subaru akamwachia mkewe Jenifer awe anapelekea watoto wawili shule kutoka Ikuti. Jamani, yule dada anaendesha! Tatizo likawa nyuma: shokapu zilikuwa zimechoka, na kila kona gari lilikuwa linalala upande.

Sasa kwa mgeni asiyejua: katika koo nyingi za Kinyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala kusemezana. Ndiyo heshima yenyewe. Wengi mjini wameilegeza, lakini kwa Fundi ilikuwa imekazwa kama nati ya gurudumu. Jenifer alipoleta gari alishukia getini, akajitanda khanga, akaingia ofisini kwangu. Fundi naye alishazunguka nyuma ya stoo. Katikati nikabaki mimi, mtoto wa fundi cherehani, ambaye mpaka leo shokapu na pampu ya baiskeli naziona ni ndugu.

Kuchagua spea za gari la mbio ni balaa. Kumbe za kiwandani si lazima urudishe zilezile! Duka la Mbeya lilitutumia picha za springi za kushusha gari, shokapu ngumu, na koilova, yaani shokapu iliyovaa springi yake, ambayo unaipandisha na kuishusha kwa spana. Kulikuwa pia na stabilaiza nene, chuma kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma ili gari lisilale. Kila moja ilisifiwa kuliko mwenzake. Jenifer aliniambia niseme linalala kwenye kona, nikasema. Fundi akataka kujua linalala limebeba nini. Nikakimbia getini, Jenifer ameshaondoka. Kesho yake nikaleta jibu, likazaa maswali mengine matatu, nami nikawa napeleka maneno nisiyoyajua kwa watu wasioonana. Wallahi kichwa kiliniuma.

Fundi mwenyewe alichanganyikiwa na hakuficha. Alisema lori analijua, unaweka ngumu, linabeba, basi. Hili la mbio haliambiliki. Mwisho, kabla maswali hayajajibiwa yote, akaamua kwa mazoea: kinacholala kishikiliwe. Akafunga stabilaiza nene na springi ngumu, sote tukapiga makofi.

Mvua ya kwanza ilipokuja, kwenye kona ya Kawetele, nyuma ya Subaru ilitoka barabarani. Gari likazunguka likaingia kwenye shamba la chai, likaishia kutazama lilikotoka. Jenifer alikuwemo, na wajukuu wa Fundi wote wawili walikuwa kiti cha nyuma. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Fundi alipopata habari alikaa juu ya tairi. Aliniambia anaogopa. Alisema amekaribia kuwaua wajukuu wake kwa sababu ya swali ambalo angeweza kumuuliza mama yao mwenyewe.

Kesho yake akanituma kwa Jenifer nikamwambie kwamba baba anataka kupanda gari, alisikie kwa nyuma. Nilidhani sijasikia vizuri, nikamuuliza mara mbili. Basi tukapanda. Jenifer kwenye usukani, kioo cha ndani amekigeuza kitazame paa. Mimi kando yake, dua mdomoni. Fundi kapiga magoti kiti cha nyuma, kofia mpaka machoni, uso dirisha la nyuma kama mtoto anayeaga bibi. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona ileile nyuma ikateleza tena, kichwa cha Fundi kikagonga kioo, na Jenifer kabla hajajizuia akapaza sauti: baba, umeumia?

Nikatamani kushuka na gari linatembea. Kisha nikasikia Fundi anajibu, bado anatazama nyuma, kwamba hajaumia, mwanangu, endesha, na hapo mbele punguza. Jenifer akapunguza, huku machozi yanamtoka.

Siku hiyohiyo Fundi aling'oa stabilaiza nene, akarudisha ile nyembamba ya zamani. Akafunga springi za kimo cha kawaida na shokapu za kurekebishika, akazilegeza. Alinieleza kwamba barabara zetu ni za maji na mashimo, kwa hiyo gurudumu la nyuma lazima liikanyage ardhi muda wote. Ukilikaza mno linarukaruka na kuteleza. Nimeandika alivyosema, msiniulize zaidi. Subaru haijateleza tena. Wazee wa ukoo walimwita ajieleze, akawaeleza yote. Wakakohoa, na mmoja akauliza kama pikapu yake nayo inaweza kuangaliwa nyuma. Ila Fundi na mkwewe hawajasemezana tena tangu siku ile. Salamu bado zinapitia kwangu, na mimi nimechoka.

Fundi, ndaga fijo, asante sana, kwa kazi na kwa mahindi. Wafanyakazi wote wa karakana tunakuombea uzee wenye afya na usingizi wa kitandani, si wa chini ya lori.

Sasa tukae, tafadhali. Neno la shukrani kutoka kwa familia lilikuwa litolewe na Ackson, lakini hakupata ruhusa kazini. Litatolewa na Jenifer, ameomba mwenyewe. Nilikwenda kumwuliza Fundi, safari hii kiti chake tukiweke wapi. Amesema tukiweke mbele, amwone.