Mkata Vitabu na Kitabu cha Babu yake Anadi

Baraza letu liko mbele ya nyumba ya kina Mallick, kaskazini mwa Kolkata, na saruji yake imelainishwa na makalio ya vizazi vitatu. Potla hutuuzia chai kwenye vikombe vya udongo, na ukimaliza unakivunja chako pale mtaroni. Wakaaji ni wale wale. Yupo Anadi Mallick, tunayemwita Mrithi kwa kuwa alirithi nyumba, baraza na maoni yote ya babu yake. Yupo Kesto aliyestaafu posta, huyu ni Stempu. Yupo Phatik muuza dawa za homeopathi, vidonge vya sukari na maji, Nusu Daktari. Na mimi, ambaye jina langu la utani halisemeki mbele ya wageni. Haya yalitokea asubuhi baada ya sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, sikukuu ambayo watu huweka vitabu miguuni pake na kusoma ni mwiko mpaka kesho yake. Mrithi alikuwa anakirudisha nyumbani kitabu chake, kimezongwa kitambaa chekundu, kinanukia msandali.

Kitabu hicho alikiandika babu yake, historia ya mtaa wetu. Zilichapwa nakala mia tatu. Mafuriko na mchwa wakagawana, ikabaki hii moja. Sentensi yake ya kwanza sote tunaijua kwa moyo, na tukishaisema tunatikisa vichwa. Sasa kilikuwa kimeombwa na Sukhen, na ndiyo sababu chai ilikuwa inapoa.

Sukhen haoni tangu utotoni. Anafundisha historia shuleni, lakini mtaani anaitwa Mkata Vitabu. Hununua vitabu vikuukuu vinavyouzwa njiani, akampelekea fundi wa majalada avikate mgongo, kisha akailisha skana karatasi moja moja, na kompyuta ikamsomea kwa sauti, mbio mbio, sisi wenye macho hatuambulii hata neno. Kwetu sisi mtu akigusa kitabu kwa mguu hukiinua akakigusisha kwenye paji la uso, kuomba radhi. Sasa wewe fikiria kukichinja.

Hiki, akiwa amekaa nasi barazani, aliahidi hatakikata. Angekilaza kwenye kioo cha mashine, ukurasa baada ya ukurasa, hata kama ingechukua wiki.

— Ile mashine ina taa, akasema Stempu. Taa inakunywa wino. Nimekaa posta miaka thelathini na nne, nimeziona kadi zikipauka dirishani. Ukurasa ukipita mle mara moja, unatoka mweupe pe.

— Mzee, nimepitisha vitabu elfu moja na mia tatu, Sukhen akamjibu. Hakuna kilichopauka. Kilichowahi kutokea ni mimi kuweka ukurasa kichwa chini, mashine ikanisomea upuuzi dakika nzima. Nikadhani ni hotuba ya mgombea.

Nusu Daktari hakucheka. Alisema tatizo si taa, tatizo ni kunakili. Kitabu kikinakiliwa kinazimuliwa, na kila nakala inapunguza nguvu ya kile cha kwanza, hata kama hakijaguswa.

— Si wewe unayetuuzia maji, nikamwuliza, ukituambia dawa ikizimuliwa ndiyo inapata nguvu?

— Hiyo ni dawa. Kitabu si dawa. Na wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu limeingiaje hapa?

— Limeingia kwa wakati wake.

Mrithi yeye aliumizwa na sauti. Alikuwa ameisikia kompyuta ya Sukhen dirishani, na ni sauti ya mwanamke. Babu yake, alisema, hakuzungumza na mwanamke asiye wa nyumbani kwake maisha yake yote, leo maneno yake yatoke kinywani mwa mwanamke ambaye hata ukoo hana? Nami, nisionekane nimekuja kunywa chai tu, nikaongeza kwamba sauti hupenya kuta. Majirani watasikia bure. Siku moja mama muuza samaki ataijua historia ya mtaa huu kutuzidi sisi. Hilo liliwatisha kuliko yote.

Mwishoni Mrithi akajitia ukarimu. Akasema mmoja wetu anaweza kumsomea Sukhen hapa hapa barazani, hakuna haja ya mitambo.

— Mmenisomea tangu mtoto, kaka Anadi. Mnaruka mkichoka. Mnaruka yasiyowapendeza. Tukifika penye utamu mnaitwa kula. Mashine haiitwi kula.

Halafu akatuambia anachokitafuta. Marehemu baba yake, Haripada, ndiye aliyepanga herufi za kuchapia kitabu kile, moja moja kwa mkono, miezi saba. Baba huyo alimwambia mwanawe kwamba kwenye kurasa za mwishoni mwandishi alimshukuru kwa jina. Sukhen alitaka kulisoma jina hilo mwenyewe.

Mrithi akacheka.

— Mpanga herufi ashukuriwe kwenye kitabu cha babu? Baba yako alikuwa mtu mwema, ila alipenda kujikweza. Mimi nimekisoma mara nne. Jina hilo halimo.

Stempu akasema amekisoma mara mbili, halimo. Nusu Daktari naye hakuliona. Nami nikasema silikumbuki. Naona aibu kulieleza hili, lakini nililisema, tena bila kuulizwa. Sukhen aliinamisha uso, akawa anazungusha kikombe kitupu vidoleni.

Mitali, nesi aliyepanga ghorofa ya juu wiki mbili zilizopita, alikuwa amesimama na birika lake akingoja chai.

— Si kiko hapo? akauliza. Kwa nini msifungue mwishoni mkatazama?

Stempu alianza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mrithi akasema kitambaa kile hakifunguliwi ovyo ovyo.

— Basi mpeni akishike. Au na vidole vinakunywa wino?

Mrithi akatoa, kwa shingo upande. Sukhen alifungua kitambaa, akakigusisha kitabu kwenye paji la uso, kisha akapitisha dole gumba ukingoni juu. Akarudia, polepole.

— Kaka Anadi, akasema, kitabu hiki hakijawahi kusomwa.

Enzi hizo viwanda vidogo vya uchapaji havikukata kingo. Karatasi kubwa ilikunjwa, ikashonwa hivyo hivyo, na msomaji ndiye aliyepasua mikunjo kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Katika kitabu cha Mrithi mikunjo yote ilikuwa mizima. Ulisomeka ukurasa wa kwanza na nyingine chache za nje. Zaidi ya miaka sitini ukoo mzima umekipaka msandali.

— Anayetaka kukisoma lazima akikate, akasema Sukhen.

— Nani ana kisu? akauliza Mitali.

Kisu kilikuwapo, kile cha ndimu, mbele ya Potla. Tulikiona sote, tukageuza macho barabarani. Mitali akakichukua mwenyewe, akakifuta, akamwambia Sukhen atapasua mikunjo ya mwisho amtafutie jina la baba yake sasa hivi.

— Hapana, dada. Ukilisoma wewe, nitakuwa nimeambiwa tena, kama baba alivyoniambia. Nitaanza mwanzo, nitafika mwenyewe.

Mrithi alitazama kitabu, akatutazama sisi, nadhani akingoja mmoja wetu atoe maoni. Akakikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya kitabu mikononi mwa Sukhen, akakipokea kisu kwa Mitali na kukilaza juu yake.

— Kichukue. Kikate taratibu, akasema. Ukimaliza, uje utuambie babu alisema nini. Na jina la Haripada ukilikuta, lisome hapa barazani, kwa nguvu, sote tulisikie.