Iride Gualandi, Mchoraji wa Macho

Tarehe 30 Juni, Iride Gualandi atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuchora macho ya bandia kwa miaka thelathini na minane katika karakana yetu hapa Bologna. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa meza zetu zimepakana miaka mingi, na kwa kuwa wenzangu wote walisema wanamwogopa.

Tuanze na jina, maana lina hadithi yake. Baba yake, marehemu Spartaco, alikuwa fundi katika kiwanda cha kalamu za wino, na yeye na mapadri walikuwa paka na panya. Aliapa kwamba hakuna mwanawe atakayeitwa kwa jina la mtakatifu. Akasimama mbele ya chati ya elementi iliyotundikwa kiwandani, akachagua. Kifungua mimba akawa Elio, kwa ajili ya gesi ya heli, ambayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki la jua. Binti akawa Iride, kwa ajili ya iridi, ile metali ngumu inayotiwa kwenye ncha ya kalamu. Wagiriki wa kale waliuita upinde wa mvua iris, na neno hilo moja likazaa jina la metali hiyo, la ua la zambarau linaloota kando ya mashamba yetu, na la airisi, yaani lile duara la rangi linaloizunguka mboni ya jicho. Kwamba bintiye angepata riziki kwa kuchora maduara hayo, Spartaco hakuota hata siku moja. Alipopewa habari alinung'unika tu: "Mimi nimempa metali, yeye kaenda kuokota jicho."

Ila jina lisilo na mtakatifu halina sikukuu. Kwetu hapa, siku ya mtakatifu wako unaleta keki kazini. Wasio na mtakatifu husherehekea Siku ya Watakatifu Wote, na siku hiyo karakana imefungwa. Kwa hiyo Iride amekula keki za watu tangu ujana wake bila kuleta hata moja. Tukimwita kupe, hulamba krimu kidoleni na kujibu: "Mashtaka mpelekeeni Spartaco. Yuko makaburini, hahami."

Kazi aliianza kwa kuosha kalibu tunazomiminia macho, kisha akapewa brashi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Kila mteja alimkokota hadi dirishani, mvua inyeshe au jua liwake: "Njoo huku, mpenzi, taa ni mwongo." Akachora rangi juu ya rangi, akalaza nyuzi za hariri nyekundu ziwe mishipa, huku akimchimba mteja habari za ndoa yake. Amefundisha wachoraji watatu. Wote watatu aliwaliza, na mmoja alitoroka, akarudi baada ya chakula cha mchana.

Majira ya baridi ya mwaka juzi alikuja Bibi Argia, yule muuza jibini wa sokoni. Hakukaa hata kitini. "Iride mwanangu, jicho la kulia ni langu. Hili la kushoto umemvua nani?" Tukaangua kicheko. Iride hakucheka. Alimpeleka dirishani, akatazama, akatazama tena, na hakuona tofauti yoyote. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu.

Daktari alimkuta na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Macho ya kahawia alikuwa akiyapatia bado, lakini bluu na kijivu kwake vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Alifanyiwa upasuaji, na tulimwombea, hata wale wasiopatana na mapadri. Aliporudi alivitandaza mezani vipande vyake vya majaribio, akavilinganisha kimoja kimoja dirishani. "Watu wanatembea mjini na makosa yangu usoni," alisema, kisha akaenda kulia chooni, nasi tukajifanya hatusikii.

Alikuwa astaafu mwaka ule. Alikataa. Aliwapigia simu wateja wote wa macho ya bluu na ya kijivu aliowachorea miaka miwili iliyotangulia, akawachorea upya bure. Kwa nini hawakusema? Walimpenda mno. Mama mmoja wa Ferrara alikiri: "Nilidhani ni lile jicho langu zima ndilo lililochujuka."

Akabaki mmoja, Mzee Oreste Monari, dereva wa treni mstaafu. Huyo aligoma. Iride akamfuata nyumbani, akanichukua mimi niwe shahidi.

"Oreste, nipe hilo jicho. Nitastaafuje nimekuachia uchafu huo usoni?"

"Uchafu gani? Mjukuu wangu amezaliwa amelikuta. Halali mpaka aliguseguse. Ukilibadilisha, atabembelezwa na nani, wewe?"

Mtoto alikuwa mapajani mwake, amenyoosha kidole kuelekea jicho lile la bluu lililokosewa, anacheka. Nilimwona Iride akichukua mkoba wake na kuelekea mlangoni. Tulipofika karakanani akaosha brashi zake, akazifuta, akaniambia: "Haya, waambie ofisini. Juni."

Dada Iride, ahsante kwa kila uso ulioutengeneza, na kwa ukali wako pia, ambao tutaukumbuka zaidi ya tunavyotaka kukiri. Nenda ukapumzike na macho yako mapya, uishi siku nyingi na za raha. Mzee Oreste atakuwepo kwenye sherehe, na mjukuu wake. Ukikutana na mzee huyo uso kwa uso, tunakuomba jambo moja tu: mpe mkono, umwache alivyo.

Ornella Tugnoli, meza ya kalibu