Papa Anaclet Zagabe, Muelezaji wa Salle ya Bagira

Tarehe 30 Juni 2003 Papa Anaclet Zagabe anafunga kazi yake katika salle, ule ukumbi wa parokia yetu hapa Bagira, Bukavu. Aliingia mwaka wa 1971, kijana mwembamba mwenye suruali ya kuazima, na anatoka muzee mwenye mvi na goti moja bovu. Ni miaka makumi tatu na mbili. Comité imeniomba mimi, Maman Nsimire wa jikoni, niseme maneno ya kumuaga, maana kati ya wale waliomuona akiingia, ninabaki mimi peke yangu. Masomo sikupata. Colette wa secrétariat anaandika vile ninasema, na nimemukataza kunitengenezea maneno.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa machine ya filimu. Mapadiri walitundika shuka nyeupe ukutani, watu wakajaa mpaka kwenye madirisha. Lakini filimu zilisema Kifaransa, na watu walijua Mashi na Kiswahili. Ilibidi mutu asimame kando ya shuka na kueleza. Mutu huyo alikuwa Anaclet. Askari alimupa sauti ya askari, bibi arusi sauti ya bibi arusi, na farasi naye alipata yake. Kuko filimu zilikuwa mbaya, najua, lakini mudomoni mwake zilikuwa tamu kama majani ya sombe yenye mawese.

Wakongwe watakumbuka ile Ijumaa Kuu alichanganya bobine, yale magurudumu ya filimu. Yesu alifufuka kwanza, halafu njo wakaenda kumukamata. Wamama wa Legio ya Maria walisimama wote, wakamuambia: "Zima, Anaclet. Amekwisha kufufuka, unamurudisha kwa nini?" Padiri alikasirika, lakini Anaclet alizima. Watu walirudi nyumbani wanaimba aleluya siku mbili mbele ya wakati wake, na mimi nilikuwa kati yao.

Baada ya shuka ikaja télé na video. Baada ya video ikaja vita.

Papa Anaclet na bibi yake, Maman Marie-Louise, walikuwa na binti mumoja, Gisèle, aliyekuwa anajifunza kazi ya infirmière, kuuguza wagonjwa. Gisèle alikuwa anacheka kama mutu anayemwaga mahindi kwenye sahani ya bati. Mabomu yalipoanguka Bukavu Oktoba 1996, alikuwa mbali na nyumbani, akabebwa na ule umati uliokwenda njia ya Bunyakiri, kuingia porini. Mwaka uliofuata rafiki yake Adélaïde alirudi, mifupa na macho tu. Alisema walifika kwenye muto, maji yalikuwa mengi, watu walishikana mikono, na mukono wa Gisèle ulimutoka.

Papa Anaclet alimuuliza: "Uliona maiti?"

Adélaïde akasema hapana.

"Basi nenda upumuzike, mwanangu. Gisèle atakuja mwenyewe kutueleza."

Wasiojua desturi wanisikilize hapa. Kwetu, mutu akipotea na mwili wake hauonekani, baba yake anakata mugomba kwa mukono wake mwenyewe. Shina lile linavikwa nguo, linazikwa, na watu wanalala kilio. Pasipo hivyo mama hawezi kulia mbele ya watu, na yule aliyekufa hana pa kukaa. Maman Marie-Louise alimuomba bwana yake akate mugomba. Alikataa. Aliomba tena, naye akasema hazikwi mutu muzima. Mwaka wa 1998 Marie-Louise alibeba vitu vyake, akaenda kwao Nyangezi. Hawakugombana. Alisema tu hawezi kuendelea kupika chakula cha mutoto ambaye maji yalimubeba, maana Anaclet alikuwa anataka sahani ya Gisèle iwekwe mezani kila jioni.

Yeye akabaki Bagira, kwenye chumba nyuma ya salle. Kazini hakukosa hata siku moja. Watu walimusifu kwa hiyo. Mimi sikumusifu.

Mwaka wa 1999, katikati ya vita ya pili, Padiri Isidore alirudi kutoka Japani, alikotumwa miaka mingi na shirika lake. Alileta machine ya kuchezea kwenye télé, zawadi ya vijana wa parokia yake ya kule, pamoja na muchezo mumoja wa kuogopesha. Jina lake, kwa tafsiri ya Padiri, ni Kijiji Chini ya Maji. Mwanamuke anatafuta mutoto wake katika kijiji kilichofunikwa na ziwa. Ukungu kila mahali. Mukononi ana taa, na bastola yenye risasi chache. Ndani ya ukungu kunatoka watu waliolowana, wanatembea polepole, wanapumua vibaya.

Mimi nilipinga. Nilimuambia mbele ya comité: "Papa Anaclet, woga tunao wa kutosha. Unaenda kutafuta mwingine Japani?"

Akanijibu: "Maman Nsimire, ule wa inje hauna bouton ya kuzima. Huu ninauzima saa yoyote nataka."

Watoto walijaa kuliko wakati wa filimu. Muchezo unasema Kijapani kitupu. Padiri alimufundisha maneno, naye akakaa kando ya télé kama zamani kando ya shuka, akaeleza. Mutoto mumoja anashika manette ya kuchezea, wengine wote wanashika roho. Siku moja askari aliingia, akataka kucheza. Papa Anaclet akamuambia bunduki inabaki jikoni kwa maman na yeye anangoja zamu yake. Alingoja. Zamu ilipofika, alimaliza risasi zote kwenye nyumba ya kwanza, akakufa hapo hapo, na mutoto Dany akamuambia: "Tonton, hapa hawapigi. Hapa wanajificha." Yule askari alicheka mpaka akatoa machozi, akachukua bunduki yake kati ya viazi vyangu, akaenda. Watoto wetu walikuwa wahodari sana kwa muchezo ule. Ninyi wazazi munajua nani aliwafundisha kujificha.

Lakini mwisho wa muchezo hakuna aliyeuona. Karibu na mwisho yule mama anafika kwenye ukingo wa maji, na pale pale, kila mara, courant inakatika. Watoto walisema maji ya Japani yanakula umeme.

Kulikuwa na CD ya pili, yenye mazungumzo ya wale waliotengeneza muchezo. Siku moja ya mvua Padiri Isidore alikaa akatutafsiria. Mukubwa wao ni muzee mwenye sauti ya chini. Alisema ukungu waliuweka kwa sababu machine yao ilikuwa zaifu, haikuweza kuonyesha mbali. Watoto walicheka sana. Alisema kile kijiji ni cha mama yake, serikali ilijenga barrage kuzuia muto, maji yakapanda mpaka kwenye paa. Ile pumzi mbaya ni ya shangazi yake mwenye asma, walimuweka mbele ya micro akapumua. Na vile vyumba vyenye giza alivitoa kwenye filimu za utoto wake, wakati filimu hazikuwa na sauti, na mutu alisimama kando ya shuka kueleza.

Papa Anaclet alisimama. "Hata kule nilikuwako," akasema, na salle yote ikamupigia makofi. Sikuwa nimemuona na uso ule tangu 1996.

Kisha yule muzee akaendelea. Ndugu yake alizama baharini, maiti haikuonekana. Kwao wana siku ya wafu, wanaweka taa ndogo juu ya maji, moja kwa kila mutu, ili aende. Mama yake alikataa kumuwekea yule mutoto taa. Kila jioni alimuwekea sahani. Nyumba ikawa baridi, baba akahama. Muzee akasema alitengeneza muchezo kwa ajili ya mama yake. Wale waliolowana hawatafuti kuua. Ni wafu walionyimwa ruhusa ya kwenda.

Padiri Isidore alikuwa bado anatafsiri neno hilo wakati courant ilikatika.

Sasa jiko langu na salle ni laini moja. Kukikatika kule, kunakatika kwangu. Nilitoka mulangoni mwa salle, nikaangalia jikoni kwangu. Taa yangu ilikuwa inawaka. Nilirudi ndani, mpaka ukuta wa nyuma kwenye giza, nikamukuta Papa Anaclet mukono juu ya disjoncteur, ile swichi ya kukata courant ya salle peke yake.

Nilimuambia: "Papa, kwangu kunawaka."

Akasema: "Basi pika, maman."

Nilipika, kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Lakini nilimuambia pia, na nikarudia miaka yote iliyofuata, kwamba anamufunga mutoto wake ndani ya maji kwa mukono wake mwenyewe, na bibi yake anakauka kule Nyangezi kama jani la maharagwe. Alikuwa ananisikiliza vizuri. Ananishukuru, anaenda. Mutu mwenye adabu anachokesha kuliko mulevi.

Mwaka huu comité ilipotangaza retraite yake, kwamba anapumuzika kazi, niliona ataondoka bila pa kwenda. Nyangezi asingeenda, maana kule kuna mugomba unamungoja. Nilituma neno kwa Maman Marie-Louise aje Jumamosi, siku ya muchezo. Alikuja baada ya Pasaka, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akakaa kwenye benchi ya nyuma. Nilimuonyesha ukutani pale disjoncteur iko.

Manette ilikuwa kwa binti mumoja, Sagesse. Alicheza vizuri, bila haraka. Yule mama akafika kwenye ukingo wa maji. Papa Anaclet akaacha kueleza, akaanza kwenda nyuma, akakuta bibi yake amesimama na mugongo ukutani, amefunika disjoncteur.

Hawakuwa wameonana tangu Noeli ya mwaka uliopita, Marie-Louise alipokuja kusali hapa. Marie-Louise hakupandisha sauti. Alisema: "Anaclet, acha watoto wamalize. Na mimi sijui Kijapani. Nieleze."

Sagesse alikuwa amesimamisha vidole juu ya manette, anangoja. Kisha Papa Anaclet alirudi kando ya télé na goti lake bovu, akaeleza. Alisema: mama anapiga magoti. Anasema, nilikutafuta mahali pote. Anasema, nilifikiri nikiacha kutafuta, nimekuua mimi. Anaweka taa juu ya maji. Anaita jina la mutoto wake.

Muchezo ulitaja jina la Kijapani. Papa Anaclet alisema: "Gisèle."

Hakuna mutoto aliyecheka. Kwenye télé taa ilienda, ukungu ukapungua, na kulikuwa milima tu, milima ya kawaida kama hii yetu. Papa Anaclet aliieleza hata ile milima. Marie-Louise alimushika mukono, akamutoa inje kwenye hewa, na wale wawili walilia kwenye uwanja wa parokia mbele ya kila mutu, mchana, bila haya. Mimi nilifunga mulango wa jiko ili wasione machozi yangu.

Mwezi wa tano tulikwenda Nyangezi. Alikata mugomba mwenyewe, vibaya, maana panga si kazi yake. Marie-Louise alimuvika Gisèle kitambaa cha kijani. Adélaïde alikuja, na Papa Anaclet alimukalisha karibu naye, akamuomba aeleze tena ule muto, pole pole, tangu mwanzo. Safari hii alimusikiliza mpaka mwisho. Tulilala kilio kama inavyopaswa.

Papa Anaclet, salle inakushukuru. Ulitupa sauti wakati filimu zilikuwa haziongei na sisi, na wakati wa mabomu uliwafungulia watoto mulango kila Jumamosi. Hatuna mutu wa kushika nafasi yako. Dany amejaribu, lakini anaenda mbio, na bibi arusi kwake ana sauti ya askari.

Maman Marie-Louise, tunakurudishia bwana yako. Tulikaa naye muda murefu, tukijua ni wako. Umupe jembe jepesi, kwa sababu ya goti. Kaeni pamoja, mulilie mutoto wenu mpaka muchoke, kisha mukule, sahani mbili. Mungu awape usingizi muzuri na miaka mingi ya kuamka pamoja.